Mshono Mara Tatu

Benchi lenyewe lilikuwa kiti cha nyuma cha gari lililokwisha kufa, kikawekwa juu ya matofali sita mbele ya kibanda cha fundi wa viti vya magari. Fundi huyo walimwita Mara Tatu, kwa sababu katika maisha yake hajapata kuupitia mshono mara moja akaridhika. Kulia kwa benchi palikuwa na jiko la mkaa la Shangazi, muuza kahawa, ambaye hakuwa shangazi wa damu wa mtu yeyote pale lakini aliwakaripia wote kama shangazi. Kushoto ilianza gereji ya Spana, makanika, iliyonukia oili na mpira mpya. Kila asubuhi, kabla kazi hazijachangamka, Mara Tatu aliitoa cherehani yake nje, akaiweka karibu na benchi, akawa anashona huku sikio moja likiwa kwenye mazungumzo.

Leo alishona kwa haraka kidogo. Bintiye, muuguzi, alikuwa amehamishiwa kituo cha mbali, safari ya siku mbili kwa gari. Saa nne angepita hapa na gari lake dogo jeupe, yeye na mtoto wake wa miaka minne, waagane na babu. Mara Tatu hakuwa na zawadi ya kuwapa isipokuwa kazi ya mikono yake: kava za viti, rangi ya zambarau, ukingo mweupe. Bado ukingo mmoja. Binti akifika, baba angefanya kama anavyofanya kwa kila gari: kwanza angeushona upya mshono wa ubavuni wa kiti chenyewe, kwa uzi wa nailoni, mara tatu, kisha ndipo angekivika kava.

Mshono huo wa ubavuni ndio uliompa jina mjini. Mteja mpya akija, Mara Tatu alimfungulia mlango wa gari lake mwenyewe, akaushika ule uzi wa kiwandani kwa vidole viwili, akauvuta. Tak! Ukakatika. Naye akamtazama mteja kwa huruma.

– Umeona? Kiwanda kizima, na uzi wa kufungia vitumbua. Niachie mimi.

Na mteja alimwachia. Miaka kumi na mmoja sasa.

– Sogeeni, nikae kabla sijaanguka, alisema mtu.

Alikuwa Indiketa, dereva wa teksi. Jina hilo walimpa kwa sababu kabla ya kusema jambo lolote alinyoosha kidole upande mmoja, kama anayeomba njia. Leo alikinyoosha kuelekea teksi yake. Mkono wa pili ulishika bahasha.

– Nimeitwa.

– Na polisi? Shangazi aliuliza, birika likiwa hewani.

– Si mimi. Gari. Gari langu limeitwa na waliolitengeneza.

– Wanalitaka la nini? Hilo lilivyochoka, hata wewe hulitaki.

– Shangazi, usinichekeshe, nina hofu. Jaji, hebu isome tena, pengine mimi sikuelewa.

Jaji hakuwa jaji. Kwa miaka thelathini alikuwa mtu wa kufungua na kufunga mlango wa mahakama, na kuita majina ya wenye kesi. Alistaafu akiwa na sauti nene na sheria alizozisikia kupitia upenyo wa mlango. Alivaa miwani, akasafisha koo.

– “Mpendwa mwenye gari. Ndani ya ubavu wa kiti cha mbele cha gari lako kuna mfuko wa hewa uliokunjwa. Gari likigongwa ubavuni, kopo dogo la chuma huupuliza mfuko huo ili umkinge aliyekaa. Tumegundua kwamba baadhi ya makopo, tuliyoyatengeneza katika wiki mbili za mwezi wa tatu wa mwaka gari lako lilipoundwa, yana kasoro. Yanaweza kupasuka vibaya na kumjeruhi mtu. Gari lako ni mojawapo. Tafadhali lipeleke kwa wakala wetu, ambaye atabadilisha kopo bila malipo.”

– Ngoja, alisema Shangazi. Kuna mfuko ndani ya kiti? Mwaka mzima ananipa lifti, nimekalia mfuko?

– Hujaukalia, umeuegemea, alisema Spana, akifuta mikono kwa tambara. Mifuko ya hewa naijua. Lakini hii ya barua siiamini. Gari hili limepita mikono mingapi?

– Mimi ni mtu wa tano.

– Umeona? Limevuka bahari, limeuzwa mara tano, limepakwa rangi mara mbili, halafu mtu aseme kopo la ubavuni lilitengenezwa wiki fulani! Mimi sikumbuki nati niliyoifunga jana.

– Wameandika namba, alisema Jaji. Iko hapa chini. Ndefu kama treni.

– Namba ya chesisi, alisema Spana. Haya, tukahakikishe. Ikikosea herufi moja tu, tunaichana tukawashie jiko la kahawa.

Wakaenda wote, hata Shangazi na birika lake. Mara Tatu naye aliinuka, uzi ukimning'inia mdomoni. Spana alipiga magoti mlangoni mwa teksi, akainua zulia la miguuni, akafuta vumbi kwa kidole gumba mpaka chuma kikang'aa. Jaji akasoma kutoka kwenye karatasi, polepole, kama alivyokuwa akiita majina. Spana akaitikia kutoka sakafuni.

– Saba.

– Ipo.

– Sifuri.

– Ipo.

– Tatu.

– Ipo.

Kufikia herufi ya kumi waliacha kutabasamu. Kufikia ya kumi na tano Shangazi aliliweka birika chini. Ya kumi na saba ilipoitikiwa, Spana alibaki amepiga magoti, mkono juu ya chuma, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

– Zote, alisema. Zote zipo.

Shangazi alilitazama lile gari la buluu lililobonyea ubavu, ambalo kila siku walikuwa wakilicheka.

– Kumbe kuna mtu analikumbuka, alisema. Mbali huko, hajawahi kuliona likiwa hapa, na anajua kilichomo tumboni mwake. Mimi sijui hata niliweka wapi kijiko.

Walirudi kwenye benchi taratibu. Shangazi akamimina kahawa bila kuambiwa.

– Sasa, alisema Jaji, swali ni moja. Nani wa kulaumiwa?

– Muuza chuma, alisema Spana bila kufikiri. Kopo limepasuka kwa sababu chuma ni kibovu. Naletewa vyuma hapa vinavyopinda ukivitazama.

– Hapana, ni msimamizi, alisema Shangazi. Aliwaharakisha. Mtu akinisimamia na kusema haraka haraka, natia chumvi kwenye kahawa. Imewahi kunitokea.

– Tunajua. Tuliinywa, alisema Spana.

Indiketa alinyoosha kidole kulia.

– Ni mfanyakazi mmoja. Fikirini: kwa nini wiki mbili? Kwa nini si moja, si mwezi? Kwa sababu wiki mbili ndio urefu wa ugomvi wa mke na mume. Wiki ya kwanza ya kununiana, ya pili ya kungojana nani aanze kusema. Yule bwana alifunga makopo wiki mbili akiwa amenuniwa. Siku aliyosamehewa, makopo yakawa mazima.

– Wewe unasema kwa uzoefu, alisema Shangazi.

– Nasema kwa utafiti.

– Tuwe waangalifu, alisema Jaji. Kuna kesi moja niliifungulia mlango, mshtakiwa alikuwa ngazi.

– Ngazi?

– Ngazi ya mbao. Mtu alipanda, akaanguka, akashtaki. Seremala akasema kosa ni la mbao. Muuza mbao akasema kosa ni la mti, ulikuwa na maji mengi. Mwenye shamba akasema maji ni ya mvua. Wakafika mpaka mvua.

– Ikahukumiwaje, mvua?

– Sijui. Ilifika saa ya chakula, nikafunga mlango.

– Lakini mvua siyo upuuzi! Spana alisimama. Ndani ya kopo kuna vidonge vya unga wa kulipuka. Unga ukivuta unyevu, unaharibika. Mwezi wa tatu. Pengine kwao ni mvua. Mtu aliacha dirisha wazi, wingu likaingia.

– Basi ni aliyejenga dirisha, alisema Indiketa.

– Au bahari, maana wingu limetoka huko, alisema Shangazi.

– Na nani anaichemsha bahari? Jaji aliinua kidole. Jua. Waheshimiwa, tumefika kwa jua.

– Liitwe! alisema Spana, na wote wakageuka kulitazama jua, ambalo lilikuwa limepanda juu ya paa la gereji bila wasiwasi wowote.

Mara Tatu alikuwa amesimamisha cherehani. Kuna jambo lilimsumbua, dogo, la kifundi, kama kibanzi cha sindano kilichobaki kwenye kitambaa.

– Naomba kuuliza. Huo mfuko, ukitaka kutoka, unapita wapi? Mimi nimefungua viti vingi. Ubavuni nimeona kifurushi cheusi, nikadhani ni sponji ya kuongezea. Sikuona tundu.

Jaji aligeuza karatasi. Nyuma yake palikuwa na mchoro wa kiti, na ubavuni mwa kiti umefura mfuko mweupe, kama shavu la mtu anayepuliza moto. Chini yake palikuwa na maelezo, naye akayasoma.

– “Mfuko hutoka kwa kupasua mshono wa ubavuni. Mshono huu umeshonwa kwa uzi maalumu, uliopimwa ukatike kwa urahisi. Mfuko hufunguka kwa muda ulio mfupi kuliko kupepesa jicho.”

Spana alijaribu kupepesa jicho polepole, aone ni muda gani.

– Kumbe, alisema. Mimi nilidhani unatokea kwa juu. Kumbe uzi wenyewe ndio mlango.

– Yaani kuna mtu, alisema Shangazi, anaamka asubuhi, anavaa viatu, anaenda kazini kutafuta uzi mnyonge?

– Na si mnyonge hivi hivi, alisema Spana. Mnyonge kwa kipimo. Ukaliwe miaka ishirini usikatike, halafu siku moja, nukta moja, ukatike. Shangazi, hiyo ni kazi ngumu kuliko kutengeneza uzi imara. Imara hata kamba ya ng'ombe ni imara.

Indiketa alinyoosha kidole kushoto, hofu ikiwa imempungua kidogo.

– Mara Tatu, wewe pale wasingekuajiri hata siku moja!

Benchi zima likacheka. Jaji alicheka mpaka akavua miwani. Mara Tatu alicheka pia, kwa sababu kicheko huanza chenyewe. Kisha kikakatika katikati. Aliukumbuka ule uzi wa kiwandani, aliokuwa akiukata mbele ya wateja. Aliusikia. Tak.

Aliweka mkasi chini, akaenda peke yake kwenye teksi. Wenzake walikuwa wamerudi kwenye kesi ya jua. Alifungua mlango wa mbele wa abiria, akapenyeza mkono chini ya kava aliyoishona mwenyewe miaka minne iliyopita, akaiinua. Hapo ndipo palipochorwa kwenye barua, na hapo ndipo ilipopita mistari yake mitatu ya nailoni nyeusi, imenyooka, inameta kama jana. Akaibana kwa vidole viwili, akaivuta. Akaivuta kwa mkono mzima. Akaegemeza goti mlangoni, akavuta kwa nguvu zake zote. Haikutikisika.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiwadharau watu wale wa kiwandani. Na wale walikuwa wamekaa mahali, wamepima uzi baada ya uzi, kwa ajili ya mbavu za mtu wasiyemjua. Kisha yeye, kwa ufundi wake wote, kwa mapenzi yake yote, akapita nyuma yao akifunga milango.

Mama wa Indiketa hukaa kiti hiki anapokwenda kliniki. Na wateja wengine: mwalimu wa hesabu na gari lake la kijani. Mwenye duka la dawa. Hakuna hata mmoja aliyejua. Hata Spana, aliyekuwa akimsifia mshono huo, hakuona. Ingetosha kuirudisha kava mahali pake, kufunga mlango, na kuendelea kunywa kahawa.

Nyuma yake honi ililia mara mbili, fupi, kama mtoto anayebisha hodi.

– Shikamooni wazee! Shangazi, shikamoo!

– Marahaba mwanetu! Ndiyo safari?

– Ndiyo safari. Baba yuko wapi? Huyu huku nyuma anamwulizia babu tangu tulipowasha gari.

Binti alikuwa amevaa viatu vya raba na kitambaa kichwani, tayari kwa barabara. Mjukuu alipunga mkono dirishani. Mara Tatu alimpungia, kisha akarudi kwenye cherehani yake, akazishika kava za zambarau mapajani bila kuziinua.

– Mbona kimya, baba? Mnagombana nini leo?

Wote wakataka kumsimulia pamoja. Wakamsimulia barua, namba herufi kumi na saba, kopo, mume aliyenuniwa, ngazi, wingu, mpaka jua. Binti alicheka palipochekesha. Kisha akaichukua barua, akaisoma mwenyewe, kama anavyosoma kadi ya mgonjwa, mpaka mwisho.

– Nauliza tu, alisema. Hawa walioandika hapa “tumegundua”. Walikamatwa, au walisema wenyewe?

Indiketa alinyoosha kidole kulia, akakihamishia kushoto, akakirudisha mfukoni. Jaji aliichukua barua, akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akaiinua kwenye mwanga, kana kwamba jibu lingekuwa ndani ya karatasi.

– Haikuandikwa, alisema mwishowe. Miaka thelathini mlangoni, na swali hilo sijawahi kulisikia likiulizwa kwanza.

Shangazi aliinamisha birika juu ya kikombe cha binti. Likatoa tone moja, kisha hewa. Hakuna aliyekuwa ameona kahawa ikiisha.

– Mimi sijakamatwa, alisema Mara Tatu.

Walimgeukia.

– Mimi hapa, hakuna aliyenikamata. Indiketa, ndugu yangu, nenda katazame chini ya kava ya kiti chako. Huo mshono mnyonge, mlango wa mfuko, nimeuziba. Nimeuziba mara tatu. Wakikubadilishia kopo likawa zima kabisa, mfuko bado hautapata pa kutokea. Na si wewe peke yako.

Indiketa alisimama. Mara hii hakunyoosha kidole upande wowote.

– Mama yangu hukaa pale.

– Najua.

– Kila Jumanne, Mara Tatu. Na mimi nauonyesha mshono wako kwa abiria! Nawainulia kava, nawaambia washike!

– Najua. Nimesikia ukiwaambia, nami nikafurahi.

Indiketa alikwenda mpaka kwenye teksi, akarudi, akaenda tena. Alipiga paa la gari kwa kiganja. Jaji alianza kusema neno, nalo lilisikika kama hukumu. Shangazi akamkanyaga mguu. Mwishowe Indiketa akarudi kuketi kwenye benchi, akaikodolea macho cherehani.

– Ungenyamaza, tusingejua, alisema.

– Ndiyo.

– Mama angeendelea kukaa.

– Ndiyo.

– Haya. Alivuta pumzi. Haya basi. Na hao wengine utawajuaje? Kule wana namba. Wewe una nini?

Mara Tatu aliingia kibandani, akatoka na rundo la karatasi za mifuko ya saruji zimetungwa kwenye waya. Kila kiti alichowahi kukishona alikikatia kielelezo chake cha karatasi, na juu ya kila kielelezo aliandika kwa penseli ya seremala gari lilikuwa la nani, asije akachanganya vipimo. Hakuwahi kutupa hata kimoja. Watu walimcheka kwa kukaa kibandani na takataka. Aliliweka rundo hilo juu ya mapaja ya Jaji, nalo likamfika kidevuni.

– Mimi macho yangu ni ya sindano, alisema. Nisomee wewe, kwa ile sauti yako. Spana, yeyote ambaye namba yake ya simu unayo, mpigie.

– Nimwambie nini?

– Mwambie Mara Tatu anaziita kazi zake. Azilete, nizifumue.

Jaji alisimama. Aliikung'uta suruali, akaweka miwani sawasawa, na sauti iliyowahi kuufikia mwisho wa ukumbi wa mahakama ikafika barabarani, wapita njia wakageuka.

– Mwalimu wa hesabu, gari la kijani!

– Namba ninayo, alisema Spana, akibonyeza.

– Mwenye duka la dawa!

– Huyo nitapita kwake mwenyewe, alisema Indiketa, bila kumtazama mtu. Iko njiani kwangu.

Mara Tatu alichukua mkasi. Kava za zambarau za bintiye alizikata ubavuni, kutoka juu mpaka chini, akazikunja kingo, zikabaki na uwazi wa upana wa viganja viwili. Mkono wake ulikataa kidogo, maana haukuwahi kuacha mahali bila kufunga. Kisha akaenda kwenye gari jeupe, akavika viti, huku mjukuu akimpa maelekezo kutoka nyuma.

– Babu, hapa umesahau kushona.

– Sijasahau, mama. Hapa nimewaachia wenyewe, waliokitengeneza kiti.

Bintiye aliketi kwenye usukani. Aliushika mkono wa baba yake dirishani, akaubana, akauachia. Mara Tatu aliinama kwenye mlango uliokuwa bado wazi. Ndani ya ule uwazi, kati ya zambarau na zambarau, ulionekana mshono wa kiwandani: mstari mmoja, uzi mwembamba wa kijivu, umepita umbali sawa kutoka tundu hadi tundu. Hakuwahi kuutazama kwa makini, maana siku zote alikuwa na haraka ya kuukata. Sasa aliona jinsi ulivyokuwa kazi safi.

Aliugusa kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayegusa utosi wa mtoto mchanga. Hakuuvuta.

– Nendeni salama, alisema, akafunga mlango.